Kumsoma Mpinzani: Historia ya Tathmini ya Kabla ya Mechi katika Futiboli ya Kimarekani

Karibu kila mchezo wa timu una desturi ya kumpima mpinzani kabla ya siku ya mechi, lakini ni michezo michache iliyoikuza desturi hiyo hadi ikawa taaluma yenye wataalamu wake, vitabu vyake na hata kesi zake za udanganyifu, kama ilivyotokea katika futiboli ya Kimarekani. Chanzo cha hali hiyo si mapenzi ya Wamarekani kwa takwimu, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali ni kanuni za mchezo wenyewe. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza, iliyochezwa tarehe 6 Novemba 1869 mjini New Brunswick kati ya vyuo vya Rutgers na Princeton, ilikuwa na wachezaji 25 kila upande, haikuruhusu mtu kukimbia na mpira mikononi, na ilikwenda mfululizo kama soka, kiasi kwamba mtazamaji angeweza kusema nani ana nguvu na nani ana mbio, lakini asingepata cha maana cha kuandika kuhusu mipango ya timu, kwa kuwa mipango yenyewe ilikuwa haba.

Mabadiliko yaliletwa na Walter Camp wa Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1880 kamati ya kanuni ilikubali pendekezo lake kwamba mpira uwe mali ya timu moja kwa wakati mmoja, uanzishwe kutoka kwenye mstari wa mapambano, yaani mstari wa kufikirika unaozitenganisha timu mbili kabla ya kila jaribio, na kwamba kila timu iwe na wachezaji 11. Miaka miwili baadaye likaongezwa sharti kwamba timu yenye mpira isogee mbele angalau yadi 5 katika majaribio matatu, la sivyo iukabidhi mpira kwa wapinzani. Sharti hilo lilibadilishwa baadaye kuwa yadi 10, ambazo ni kama mita 9, na tangu 1912 majaribio yamekuwa manne.

Matokeo ya kanuni hizo yalikuwa makubwa kuliko walivyotarajia waliozitunga. Mchezo uliokuwa unatiririka ulikatwa vipande vifupi vya sekunde chache, na kila kipande kikawa na anwani yake: ni jaribio la ngapi, zimebaki yadi ngapi, mpira uko sehemu gani ya uwanja, na wachezaji wamejipanga vipi kabla haujaguswa. Kitu chenye anwani huweza kuandikwa, kilichoandikwa huweza kuhesabiwa, na kikishahesabiwa hudhihirisha mazoea, yaani yale ambayo timu huyarudia kila inapojikuta katika hali ileile, hasa inapobanwa. Historia ya tathmini ya kabla ya mechi katika futiboli ya Kimarekani, kwa sehemu kubwa, ni historia ya watu walioacha kuuliza kama mpinzani ni hodari au dhaifu, wakaanza kuuliza atafanya nini akiwa katika jaribio la tatu na yadi 8 zimebaki.

Hata hivyo, kwa miaka mingi ya mwanzo kazi hiyo ilifanywa kwa macho matupu na kwa kubahatisha. Lorin Deland, mpenzi wa sataranji na historia ya vita ambaye hakuwahi kucheza futiboli, aliitazama timu ya Harvard kutoka jukwaani akaona kwamba nguvu za wachezaji zilikuwa zikitawanyika, na mwaka 1892 akaibunia mbinu ya kabari, ambapo wachezaji walianza kukimbia kutoka pande mbili wakaungana mbele ya mchukuaji wa mpira na kugonga sehemu moja ya safu ya Yale. Harvard ilifungwa 6-0 siku hiyo pamoja na ubunifu wote huo, na kabari yenyewe ikapigwa marufuku baada ya miaka miwili kwa sababu ya majeraha, lakini wazo kwamba mtu wa nje anaweza kuona udhaifu ambao walio uwanjani hawauoni lilikuwa limeshapata mizizi. Kuruhusiwa kwa pasi ya mbele mwaka 1906, baada ya vifo vya wachezaji kumfanya Rais Theodore Roosevelt aviite vyuo vikuu mezani, kuliongeza haja ya kumsoma mpinzani, kwa kuwa safu ya ulinzi sasa ilipaswa kukisia kama mpira utakimbizwa au utarushwa.

Kufikia miaka ya 1920 kila chuo kikubwa kilikuwa na skauti, yaani mtu anayetumwa kuitazama timu itakayokutana na yake wiki zinazofuata. Hadhi ya kazi hiyo inaonekana vizuri katika kisa cha Knute Rockne, kocha wa Notre Dame, aliyeiacha timu yake mikononi mwa msaidizi wake Hunk Anderson tarehe 27 Novemba 1926 ili aende Chicago kuangalia mechi ya watani wa jadi, chuo cha jeshi la nchi kavu cha West Point na chuo cha jeshi la majini cha Annapolis. Wapo wanaosema alikwenda kikazi, kwa sababu Notre Dame ilikutana na West Point karibu kila mwaka, na wapo wanaosema mkataba wake wa kuandika magazetini ndio uliompeleka. Vyovyote iwavyo, uamuzi huo ulijengwa juu ya tathmini, nayo ilikuwa kwamba Carnegie Tech, wapinzani wa siku hiyo mjini Pittsburgh, hawakuwa na uwezo wa kuisumbua timu iliyokuwa imeruhusu pointi 7 tu katika mechi nane. Carnegie Tech ilishinda 19-0, na Notre Dame haikupoteza mechi nyingine msimu huo. Kwa mtu anayechunguza taaluma hii, kosa la Rockne lina thamani kuliko ushindi wake mwingi, maana taarifa zote alizokuwa nazo zilikuwa sahihi na hukumu aliyoitoa haikuwa sahihi.

Kilichoitoa kazi ya skauti katika kumbukumbu ya kichwa na kuifanya jambo la ushahidi ni filamu. Skauti aliyeketi jukwaani aliona kila jaribio mara moja tu, tena kwa pembe moja, ilhali filamu iliweza kurudishwa nyuma na kusimamishwa mara ishirini mpaka ikajulikana ni mguu wa mchezaji gani uliosogea kwanza. Mfano ulioithibitishia ligi nzima thamani ya chombo hicho ni fainali ya ubingwa wa NFL, ligi ya kulipwa, iliyochezwa katika Griffith Stadium mjini Washington tarehe 8 Desemba 1940, na mfano huo unastahili kuangaliwa kwa karibu.

Wiki tatu kabla ya fainali hiyo, Washington ilikuwa imeifunga Chicago Bears 7-3 katika uwanja huohuo, na wachezaji wa Chicago walipolalamikia uamuzi wa mwisho wa waamuzi, mmiliki wa Washington, George Preston Marshall, aliwaambia waandishi kwamba hao ni watu wa kulialia. George Halas, kocha na mmiliki wa Bears, aliyabandika maneno hayo ukutani katika chumba cha wachezaji, na simulizi nyingi huishia hapo, kana kwamba hasira peke yake huweza kufunga pointi. Jambo kubwa zaidi lilifanyika gizani mbele ya projekta. Halas alimwita Clark Shaughnessy, kocha wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyekuwa amemaliza msimu bila kufungwa, na pamoja waliipitia filamu ya ile mechi ya 7-3 wakitafuta jinsi walinzi wa Washington walivyoitikia mchezaji wa Chicago aliyehama upande mmoja kwenda mwingine kabla ya mpira kuanzishwa. Waligundua kwamba walinzi wa nyuma ya mstari, wale wanaosimama hatua chache nyuma ya safu ya mbele ili kuziba nyufa, walimfuata mchezaji huyo bila kukosa, na hivyo upande aliouacha ulibaki mwepesi.

Ugunduzi huo usingekuwa na maana kama Washington ingekuwa imebadilisha ulinzi wake katika wiki hizo tatu. Kwa hiyo jaribio la kwanza la mechi lilipangwa liwe swali: mchezaji mmoja ahame, mpira ukimbizwe kwa tahadhari, na benchi la ufundi liangalie kama walinzi watamfuata kama walivyofanya kwenye filamu. Walimfuata. Katika jaribio la pili kwotabeki Sid Luckman, yaani mchezaji anayeupokea mpira wa kwanza na kuamua uende wapi, alimpa mpira Bill Osmanski, ambaye alikimbia yadi 68 hadi mwisho wa uwanja na kufunga tachidauni, ambayo ni bao lenye pointi 6. Chicago ilifunga tachidauni 11, ikanyang'anya pasi 8 za wapinzani, na mipira mingi ikapotelea jukwaani kwa mateke ya pointi za nyongeza hadi waamuzi wakaiomba timu hiyo iache kupiga teke na itafute pointi hizo kwa njia nyingine. Matokeo yalikuwa 73-0, na hadi leo hakuna mechi ya NFL iliyomalizika kwa tofauti kubwa zaidi.

Waandishi waliuita mchezo huo ushindi wa mfumo wa Chicago, lakini hilo ni nusu tu ya maelezo. Mfumo uleule ulikuwa umepata pointi 3 wiki tatu nyuma. Kilichobadilika ni kwamba Chicago iliingia uwanjani na dhana moja inayoweza kupimwa, ikaipima kabla ya kuitegemea, na Washington haikuwa imejiuliza mpinzani amejifunza nini kutokana na kipigo chake. Kwotabeki wa Washington, Sammy Baugh, alipoulizwa kama mambo yangekuwa tofauti iwapo mwenzake asingeidondosha pasi nzuri ya mwanzoni, alijibu kwa kejeli kwamba matokeo yangekuwa 73 kwa 7. Miaka miwili baadaye timu hizohizo zilikutana tena katika fainali, Chicago ikiwa haijafungwa msimu mzima, na Washington ikashinda 14-6, jambo linaloonyesha kwamba tathmini huharibika upesi kama samaki, na aliyeisifu jana hana budi kuivua upya leo.

Aliyeifanya shughuli hii ya dharura kuwa kazi ya kila siku ni Paul Brown, mwalimu kutoka Massillon, Ohio, aliyekuwa kocha wa kwanza wa timu ya Cleveland iliyopewa jina lake na kuingia uwanjani mwaka 1946. Brown aliwaajiri makocha wasaidizi kwa mwaka mzima wakati timu nyingine ziliwalipa kwa msimu tu, aliwaketisha wachezaji darasani na kuwataka wanakili kila mbinu katika daftari zao, aliwapa mitihani, na aliwapa alama kwa kila jaribio walilocheza kama filamu ilivyoonyesha. Jambo ambalo halikuzoeleka ni kwamba jicho hilo hilo la filamu alilielekeza kwanza kwa timu yake mwenyewe, kwa hoja kwamba kocha asiyejua mazoea ya kikosi chake hawezi kujua mpinzani ameshayaona yapi. Pia alimwona mchezaji pale ambapo wengine walikataa kutazama: mwaka 1946 aliwasajili Marion Motley na Bill Willis, wachezaji weusi, wakati Marshall wa Washington aliendelea kuwakataa wachezaji weusi hadi 1962. Katika historia yote ya tathmini ya nguvu na udhaifu hakuna udhaifu wa kujitakia ulio mkubwa kuliko huo, na mtu yeyote angeweza kuuona bila filamu.

Cleveland ilipoingia NFL mwaka 1950 baada ya ligi yake ya awali kuvunjika, wengi waliamini kwamba mataji manne iliyokuwa imeyatwaa huko yalikuwa ya ligi hafifu, na kamishna Bert Bell akaipangia mechi ya kwanza dhidi ya Philadelphia Eagles, mabingwa wa miaka miwili mfululizo. Philadelphia ilijivunia mfumo wa ulinzi wenye wachezaji watano katika safu ya mbele, mfumo uliokuwa umezizima timu nyingi zilizotegemea kukimbia na mpira. Brown na wasaidizi wake waliuchunguza mfumo huo kwa muda mrefu wakatoka na jibu lisilo la kishujaa hata kidogo: wachezaji wa safu yao ya mbele waachane kidogo kidogo zaidi katika kila jaribio, ili walinzi nao waachane bila kujijua, na katikati pabaki wazi, wakati huohuo mchezaji mmoja ahamie pembeni ili amvute mlinzi na kumwacha mwenziwe akabiliane na mtu mmoja tu. Mbele ya watazamaji zaidi ya 71,000, tarehe 16 Septemba 1950, kwotabeki Otto Graham alirusha pasi za jumla ya yadi 346 na Cleveland ikashinda 35-10. Yaliposemwa maneno kwamba timu hiyo haijui ila kurusha mpira, Brown aliirudia Philadelphia mwezi Desemba na kushinda 13-7 bila pasi hata moja kuandikwa katika takwimu rasmi za timu yake, ingawa inawezekana kabisa kwamba siku hiyo aliongozwa na ukaidi kuliko tathmini.

Wakati Brown akijenga darasa, Sid Gillman alikuwa akijenga maktaba. Familia yake ilimiliki majumba ya sinema mjini Minneapolis, na akiwa kijana alikata vipande vya futiboli kutoka katika filamu za habari na kwenda kuvitazama nyumbani. Mwaka 1935, akiwa katika fungate, alinunua projekta. Gillman alizikata filamu za wapinzani na kuziunga upya kwa aina ya mbinu, ili pasi zote za aina moja zitazamwe kwa mfuatano badala ya kutazama mechi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na utaratibu huo ndio unaofuatwa na programu za kompyuta za leo. Tarehe 5 Januari 1964, akiifundisha San Diego Chargers katika fainali ya AFL, ligi nyingine ya kulipwa, dhidi ya Boston Patriots, alijua kwamba Boston hupenda kuwatuma walinzi wake wa nyuma kumvamia kwotabeki, akaandaa mpango wa kuwahamahamisha wachezaji kabla ya kila jaribio ili walinzi hao wasijue wavamie wapi. Keith Lincoln peke yake alikimbia yadi 206, na San Diego ikashinda 51-10.

Pamoja na hayo yote, filamu haikumwondoa skauti jukwaani, na bora miongoni mwa waliobaki huko alikuwa Steve Belichick, mwana wa wahamiaji kutoka Kroatia aliyefanya kazi katika chuo cha jeshi la majini cha Annapolis kuanzia 1956 hadi 1989, na ambaye mwaka 1962 alichapisha kitabu kizima kuhusu mbinu za kazi hiyo. Skauti wa aina yake alifika uwanjani mapema, mechi ikiwa bado, ili aone mpigaji mateke anafikisha mpira umbali gani na anachukua muda gani. Mechi ilipoanza hakuufuata mpira kwa macho kama wafanyavyo mashabiki. Aliangalia kwanza mpangilio wa wachezaji, akauandika kwa alama fupi, kisha akaitazama safu ya mbele, kwa sababu mchezaji anayejiandaa kusukuma mbele huegemea mkono aliouweka chini kuliko yule anayejiandaa kurudi nyuma kumkinga kwotabeki, na tofauti hiyo ndogo ilitosha kutangaza kinachokuja. Siku mbili baadaye alisimama mbele ya wanafunzi wa uanajeshi akawaeleza mpinzani wa Jumamosi atafanya nini na lini. Mwanawe, Bill, alikaa pembeni mwa kazi hiyo tangu utotoni, na alipopata ajira yake ya kwanza katika NFL, mwaka 1975 katika timu ya Baltimore Colts, kazi aliyopewa ilikuwa kuchambua filamu kwa malipo ya dola 25 kwa wiki.

Nje ya vyumba hivyo vya giza kulikuwa na tathmini ya aina nyingine, ile ya hadharani, ambayo wasomaji wengi ndiyo wanayoifahamu. Katika miaka ya 1940 ulienea mjini Chicago utaratibu wa kubashiri kwa tofauti ya pointi, ambao mara nyingi huhusishwa na Charles McNeil, aliyewahi kuwa mwalimu wa hisabati: timu inayopewa nafasi kubwa hupunguziwa pointi kadhaa ili kamari ibaki na mvuto. Namba hiyo moja ikawa muhtasari wa tathmini yote, na magazeti yakaizungushia majedwali ya kulinganisha kwotabeki na kwotabeki, safu na safu, kana kwamba kwotabeki hupambana na kwotabeki mwenzake, ilhali wawili hao hawawi uwanjani kwa wakati mmoja. Kasoro hiyo ingalipo katika uchambuzi mwingi wa televisheni, nayo haiwasumbui wanaotengeneza mikeka ya kubashiri.

Tofauti kati ya tathmini hizo mbili haikuwahi kuonekana wazi kuliko tarehe 12 Januari 1969 mjini Miami, katika mechi ya tatu ya Super Bowl, yaani fainali iliyowakutanisha mabingwa wa NFL na wa AFL. Baltimore Colts ilikuwa imefungwa mara moja tu msimu mzima, na timu iliyoifunga, Cleveland, ilikuwa imelipwa kwa kipigo cha 34-0 katika fainali ya NFL. Wabashiri wakaipa Baltimore pointi 18 juu ya New York Jets. Siku tatu kabla ya mechi, Joe Namath, kwotabeki wa Jets, alitoa hakikisho la ushindi mbele ya watu, na maneno hayo yamekumbukwa kama majigambo ya kijana mpenda anasa. Kilichosahauliwa ni kwamba yalisemwa na mtu aliyetoka kutazama filamu. Wachezaji wa Jets walikuwa wameona kwamba ulinzi wa Baltimore, ambapo kila mlinzi hulinda eneo badala ya mtu, na ambao uliwatisha wapinzani wa NFL, ulikuwa na mianya ambayo pasi za haraka zingeweza kuipitia, na mmoja wao, Pete Lammons, aliwatania wenzake kwamba wakiendelea kutazama filamu hizo watajiamini kupita kiasi. Kocha wao, Weeb Ewbank, alikuwa amewahi kuifundisha Baltimore na kuipa ubingwa mwaka 1958 na 1959, kwa hiyo baadhi ya wapinzani aliwafahamu kwa tabia zao.

Mpango wa Jets ulielekezwa upande wa kulia wa ulinzi wa Baltimore, uliokuwa na wachezaji wenye umri mkubwa, na Matt Snell akakimbilia huko mara kwa mara hadi kufikisha yadi 121. Jambo la kuvutia zaidi lilimhusu Don Maynard, mpokeaji wa pasi mwenye mbio kuliko wote, ambaye alikuwa na jeraha la msuli wa paja. Mapema katika mechi Namath alimrushia pasi ndefu iliyomkosa kidogo tu, na kuanzia hapo Baltimore iliuegemeza ulinzi wake upande wa Maynard, ikimwacha George Sauer na mlinzi mmoja upande wa pili. Sauer alipokea pasi 8 za yadi 133, na Maynard hakupokea hata moja. Walichokilinda Baltimore ni sifa ya mchezaji, si hali yake ya siku hiyo. Jets ilishinda 16-7. Ewbank alikuwa amewahi kuwa msaidizi wa Paul Brown, na Don Shula, kocha wa Baltimore, alikuwa amecheza chini ya Brown huyohuyo, kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba upande mmoja ulikuwa na elimu ambayo mwingine haukuwa nayo.

Mpango unaosifiwa kuliko yote ulikuja miaka 22 baadaye. Bill Belichick, wakati huo akiwa mkuu wa ulinzi wa New York Giants chini ya Bill Parcells, alikabiliwa katika Super Bowl na Buffalo Bills, timu iliyokuwa imetoka kuifunga Los Angeles Raiders 51-3 kwa mchezo wa kasi usiowapa walinzi nafasi ya kupumua. Tathmini ya kawaida ingesema kwamba Buffalo ina nguvu mbili, pasi za Jim Kelly na mbio za Thurman Thomas, na kwamba zote lazima zizuiwe. Belichick aliwaambia wachezaji wake waliojivunia kuzuia mbio kwamba Thomas aachwe apite yadi 100, akawapunguza watu wa safu ya mbele na kujaza walinzi wa nyuma, na akaagiza kila mpokeaji wa pasi apigwe bega kila anapoushika mpira. Thomas alikimbia yadi 135, lakini Giants walikaa na mpira kwa dakika 40 na sekunde 33, na tarehe 27 Januari 1991 wakashinda 20-19 baada ya Scott Norwood wa Buffalo kukosa teke la yadi 47 katika sekunde za mwisho. Mpango huo umehifadhiwa katika jumba la kumbukumbu la futiboli ya kulipwa huko Canton, Ohio, na unastahili kuhifadhiwa. Ila msomaji makini atakumbuka kwamba teke lile lingepita katikati ya milingoti, karatasi hizo hizo zingekuwa ushahidi wa kocha aliyemwachia mpinzani yadi 135.

Kadiri thamani ya habari ilivyopanda, ndivyo mpaka kati ya kuchunguza na kuiba ulivyogombaniwa. Vyuo vikuu, kupitia chama chao cha NCAA, vilipiga marufuku mwaka 1994 kuwatuma watu kwenye mechi za wapinzani wa baadaye, hasa kwa ajili ya kupunguza gharama, na hivyo kazi ya Steve Belichick ikawa kosa miaka mitano baada ya yeye kustaafu. Mwaka 2007 mwanawe, akiwa kocha wa New England Patriots, alitozwa faini ya dola 500,000 na timu yake dola 250,000, pamoja na kunyang'anywa nafasi ya kuchagua mchezaji katika raundi ya kwanza, kwa kurekodi video ya ishara za mikono za makocha wa New York Jets kutoka mahali pasiporuhusiwa. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Michigan kilichunguzwa kwa madai kwamba mfanyakazi wake aliwapeleka watu kwenye mechi za wapinzani ili warekodi ishara zao, kocha Jim Harbaugh akasimamishwa mechi tatu, na timu ikatwaa ubingwa wa taifa Januari 2024.

Ishara hizo zilikuwa na thamani kwa sababu vyuo havikuwa na redio. NFL iliruhusu redio katika kofia ya kwotabeki tangu 1994 na katika kofia ya mlinzi mmoja tangu 2008. Vyuo vya daraja la juu viliiruhusu kuanzia msimu wa 2024. Paul Brown alikuwa ameijaribu mwaka 1956, na kamishna Bert Bell akaikataza msimu huohuo.